Prado au Alphard kwa familia kubwa? Nimezishika zote mbili njia ya Dar na Rombo, haya ndo niliyoyaona

Ubishi wa Prado na Alphard umekuwa kama wa Simba na Yanga, mtu ameshachagua upande kabla mpira haujaanza, na wengi wanaobishana ukiwauliza umewahi kukaa siti ya nyuma kabisa kutoka Ubungo mpaka Korogwe hawajawahi, wao wanaijua siti ya dereva tu. Gari ya familia haipimwi kwa dereva jamani, dereva kokote anakaa vizuri. Pima kwa yule anayekaa nyuma kabisa na begi mapajani, afu pima kwa kile kipande cha mwisho cha njia kabla hujafika kwenu. Hivyo viwili ukishavijua mengine yote ni rangi na heshima mbele za watu.

Kwanza niseme naongelea gari zipi maana Prado ziko nyingi na Alphard ziko nyingi. Yangu ni Alphard ya 2010, lile umbo la pili lililotoka Japani 2008, injini 2AZ ya lita 2.4, gia za CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua hatua), inavuta kwa matairi ya mbele, kwenye kadi imeandikwa ANH20. Ya shemeji yangu, kaka yake na mke wangu, ni Prado ya 2006, umbo la 120, petroli 2.7 injini ya 2TR, kwenye kadi TRJ120. Zote tumenunua kwa hela zetu, hakuna yadi iliyotupa hata keyholda. Sisi tukisafiri tuko saba: mimi, mama watoto, watoto watatu, mama yangu mzazi na binti anayetusaidia nyumbani. Desemba tulipanda Rombo, kule Kilimanjaro, msafara wa gari mbili kwenda kula Krismasi, kwenda kila mtu alishika ya kwake, kurudi tukabadilishana, shemeji alitaka kuonja "daladala" langu kama anavyoliita na mimi nilitaka nijue hiyo Prado inayosifiwa inasifiwa nini hasa. Prado 150, umbo lililofuata baada ya 120, nayo nimeendesha sana ya kazini kwa hiyo nitaichomekea pale inapobidi.

Nianze na mlango maana ndo kitu unachokutana nacho kila siku, sio injini. Milango ya nyuma ya Alphard inateleza. Mtu ambaye hana watoto hawezi kuelewa hii kitu inaokoa nini. Umepaki Mlimani City Jumamosi jioni, gari zimebanana, mtoto wa miaka sita anashuka kwa ile fujo yake ya siku zote, kwenye Prado huo mlango unaenda moja kwa moja kwenye ubavu wa gari ya jirani, na mlango wa Prado ni mzito, ukishamponyoka umeshamponyoka. Ndo maana akina baba wa Prado utawakuta wameshuka kwanza, wamezunguka, mkono mmoja umeshika mlango mwingine unatoa watoto mmoja mmoja. Kwenye Alphard nabonyeza kitufe pale kwenye dashibodi mlango unafunguka wenyewe, na wakati wa kufunga ukigusana na mkono wa mtoto unarudi nyuma.

Afu kuna mama. Mama yangu magoti yanamsumbua miaka mingi. Alphard ina kidaraja cha chini kabisa na mshikio mrefu kwenye nguzo ya mlango, anaweka mguu, anashika, ameshakaa, hahitaji mtu. Kwenye Prado wakati wa kurudi ilibidi tutafute kigoda, na tulivyosimama Same watu wachimbe dawa akashuka kwa kusukumiwa huku na kupokelewa kule akaniambia "mwanangu, hii gari ni ya vijana." Kigoda tulikuja nacho mpaka Dar. Sasa we unaweza kuona kidogo hicho ila kama unaishi na mzee, na unampeleka kliniki kila mwezi, hiyo sentensi ya mama ndo rivyuu nzima ya Prado.

Ila milango hiyo hiyo ya umeme ndo ugonjwa wa Alphard, tusifichane. Ndani kuna waya wa chuma unavutwa na mota, waya ukianza kusagika au reli ikijaa vumbi mlango unagoma katikati, unalia, unarudi ulikotoka. Reli inatakiwa ifagiliwe kwa brashi kavu basi. Kuna gereji moja niliwaachia gari wakanipakia grisi kwenye reli mpaka inachuruzika, haikuchukua muda vumbi lote la mtaani likawa limeganda mle, nikaanza kulipia kusafisha kitu ambacho nililipia kuchafua. Ukienda kukagua Alphard ya kununua fungua na funga kila mlango mara nyingi mpaka dalali akereke, kwa rimoti, kwa kitufe, kwa mshikio, na gari ikiwa imesimama kwenye kamlima. Mlango ukisita usiambiwe "ni betri tu hiyo bosi."

Haya twende safu ya tatu, hapa ndo ugomvi ulipo. Prado imejengwa juu ya chesisi, chini ya sakafu ya nyuma kuna ekseli nzima inacheza juu chini, kwa hiyo sakafu iko juu na siti iko chini, unakaa magoti yamekaribia kifua. Mtoto wa shule ya msingi hana shida, anaona ni mchezo. Mtu mzima kutoka Himo mpaka Mombo hapo ameshaanza kuuliza tunasimama wapi. Binti yetu wa nyumbani ndo alikaa huko wakati wa kurudi na hakulalamika, ila alivyofika Segera akaomba abadilishane na mtoto, na binti huyo halalamikagi kitu. Kwenye Alphard siti ya tatu ni siti kweli, miguu inashuka chini, mgongo unalaza, dirisha kubwa, kwenye dari kuna matundu ya AC yanakupulizia wewe mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba hii umbo la pili huku nyuma imefungwa ekseli ya boriti, ile rahisi, kwa hiyo aliyekaa nyuma kabisa kila rasta na kila kiraka cha lami anakisoma. Umbo la tatu lililotoka 2015 walirekebisha wakaweka sasipensheni ya nyuma inayojitegemea kila upande, nimepanda ya rafiki, ni gari nyingine kabisa hiyo, na bei yake nayo ni nyingine kabisa.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii mpaka wakishanunua. Kama una mtoto mdogo na umemfungia kiti chake cha kwenye gari (najua wengi wetu tunampakata mtoto siti ya mbele, tuache), kwenye Prado njia ya kwenda safu ya tatu ni kukunja na kupindua siti ya pili, sasa kiti cha mtoto kimefungwa hapo hapo, unakunjaje? Unabaki upande mmoja tu, watu wazima wanapita kwa kupinda. Alphard siti ya pili inateleza mbele nyuma, na zile za siti saba zenye viti viwili vya bosi katikati kuna njia, mtu anapita bila kumgusa mtoto. Hapo hapo niseme hizo siti za bosi zenye kuinua miguu ni tamu kwenye picha za dalali tu, zinakula nafasi na watoto wanazigombania, mimi nilichukua ya siti nane yenye benchi na sijutii.

Mizigo sasa. Hapa wote wanadanganya, wa Prado na wa Alphard. Gari yoyote kati ya hizi ukijaza safu zote tatu watu, buti linalobaki ni la mabegi mawili matatu ya mgongoni. Tofauti ni kwamba kwenye Alphard safu ya tatu inasogea, unawaomba wa nyuma wasogee mbele kidogo unapata nafasi ya kusimamisha masanduku, na kwa sababu gari ni ndefu kwenda juu unapanga mpaka dirishani. Kwenye Prado 120 siti za nyuma zinainuliwa na kuning'inizwa ubavuni, zinakula upana, kwenye 150 waliziboresha zinalala sakafuni. Prado yenye familia ya saba bila keria juu haiendi Krismasi popote. Tena mlango wake wa nyuma unafunguka kwa ubavu, ukipaki umegusana na ukuta ndo basi, ila kioo chake kinafunguka peke yake na hicho ni kitu kizuri mno, unatumbukiza mfuko wa mikate bila kufungua mlango mzima. Alphard mlango wa nyuma unainuka juu, mkubwa, mvua ikinyesha ni mwavuli, lakini uache nafasi ya kutosha nyuma maana ukiinuka unatoka mbali.

Kurudi kutoka uchagani mnajua mtu harudi mikono mitupu. Mikungu ya ndizi, maparachichi, viazi, kuku mzima mmoja amefungwa miguu ambaye hakuna aliyekubali kuwa ni wa kwake. Kwenye Prado ndizi zilipanda kwenye keria na turubai juu. Shemeji kwenye Alphard akakunja upande mmoja wa siti ya tatu ukaning'inia ubavuni akalaza mikungu mle mle ndani, safi kabisa, tatizo ni utomvu. Utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cha siti au zulia lile la kijivu hautoki, utasugua na sabuni zote, unabaki doa la kahawia mpaka siku unaiuza. Nilimwambia atandike, akatandika gazeti. Gazeti! Doa lipo, nitampelekea picha kila Desemba.

Sasa barabara. Kwenye lami kutoka Chalinze kwenda Segera mpaka Mombo Alphard imetulia, kelele ya upepo ipo kidogo, injini unaisikia ukikanyaga tu maana CVT ina tabia ya kupandisha mlio afu mwendo unafuata baadae. Kuovateki lori na watu saba ndani na AC inafanya kazi unahitaji kupiga hesabu mapema, na hapo Prado haina cha kujidai pia, 2TR ina farasi 163 na 2AZ ya Alphard ina 170, zote zinavuta tani karibu mbili kabla hujapanda wewe na ndizi zako. Anayetaka kuovateki kwa raha atafute Prado yenye V6 ya 4.0 au Alphard ya 3.5, afu akae vizuri na muuza mafuta. Kwenye kona za kushuka Prado inalala, ukiwa umezoea gari ya chini unashtuka, wa nyuma wanaanza kushikana. Ila pale tambarare za Same kuelekea Mwanga upepo ukivuma ubavuni Alphard ndo inasukumwa, lile boksi refu, mikono miwili kwenye usukani na punguza mwendo.

Matuta. Prado inayapita, Alphard inayaomba ruhusa. Uwazi wa chini wa Prado ni kama sentimita 21 na zaidi, wa Alphard ni kama 16 tena bado haijapakia, ukiwa na watu saba na mizigo hiyo 16 imeshapungua. Matuta ya vijijini mengine yamejengwa na mtu mwenye hasira, unayavuka kwa kukata pembe, tairi moja moja, nyuma wanakupigia honi. Ndo maana nasema ukichagua Alphard chukua toleo la 240X au 240G, achana na 240S na yale mabodikiti yake ya chini mbele, ni mazuri Masaki, huku kwetu bampa litaisha vipande vipande.

Na trafiki. Prado ukipigwa mkono anachungulia kwanza nani yumo ndani, sauti inakuwa ya chini. Alphard ikiwa imejaa watu swali la kwanza ni "hawa abiria umewatoa wapi?", anadhani ni mchomoko, zile gari binafsi zinazobeba abiria kimya kimya. Mama yangu alijibu kwa niaba ya gari nzima, "mimi ni abiria wa kumzaa dereva", tukaachiwa. Tochi ya kupima mwendo ndo haichagui, 50 kijijini ni 50, uwe kwenye boksi au kwenye Prado faini ni ile ile.

Mpaka mjini Mkuu, makao ya wilaya ya Rombo, yote ni lami, kutoka Himo unapanda Marangu unaendelea mpaka Tarakea huko bila shida, hata Vitz inafika. Shida inaanza ukiacha lami kwenda nyumbani. Kwetu ni kale kanjia kati ya migomba, udongo mwekundu, mteremko, mtaro wa maji umekatiza katikati, na mvua za vuli zilikuwa bado hazijatuaga. Prado shemeji alisimama pale chini, akaweka gia nzito, akafunga difu ya kati ili matairi ya mbele na ya nyuma yavute pamoja, akapanda taratibu, matope yanaruka mpaka kwenye kioo, dakika chache yuko uwanjani kwa mzee anapiga honi. Mimi niliingiza Alphard mpaka pale mtaro unapoanza, nikasikia ile plastiki ya chini ya injini inakwaruza, tairi za mbele zinazunguka bure zinanuka, nikarudi kinyumenyume nikapaki kwa jirani karibu na lami, tukabeba mabegi kichwani na mama akapandishwa na Prado. Hakuna maneno ya kuizunguka hiyo. Kuna Alphard za kuvuta matairi yote manne, ANH25 kwenye kadi, zinasaidia kwenye utelezi kidogo lakini haziinui gari, ule mtaro ungeikamata vile vile.

Kwa hiyo jiulize swali hilo kwa ukweli. Unaenda kijijini mara ngapi kwa mwaka, na siku hizo njia ikoje? Kama ni Krismasi na misiba, na kuna jirani mwenye uwanja karibu na lami, mimi siwezi kuishi na siti mbovu mwaka mzima kwa ajili ya siku za matope. Lakini kama unaishi Goba au Madale kwenye zile barabara za ndani ambazo masika zinageuka mto, au kazi yako ni ya kwenda mashambani, au umejenga Lushoto ndani ndani huko juu, hapo Alphard usiiguse, utaichukia na haijakukosea.

Mafuta nisiwachoshe. Alphard yangu kwenye foleni ya Mwenge na Morocco lita moja inanipa kilomita 6 mpaka 7, safari 10 na kidogo. Prado 2.7 foleni 5 na pointi, safari 8 mpaka 9. Tangi la Prado ni lita 87 kwa hiyo inafika Rombo bila kuongeza, ila kulijaza ndo utajua. Matairi pia angalia, Prado inavaa 265/65R17 na Alphard ya kawaida 215/65R16, nenda duka lolote uulize bei ya seti nzima ya kila saizi afu urudi hapa.

Spea watu wanatisha wenzao bure. Eti Alphard haina spea! Injini ya 2AZ ndo hiyo hiyo iko kwenye Kluger, Vanguard, Ipsum, Harrier ya 2.4, Estima, nenda Gerezani Kariakoo utaikuta nzima na vipande. Kinachouma kwenye Alphard ni vitu vya bodi, taa ya mbele, mota ya mlango, kioo cha pembeni chenye kamera, hapo utalia. Na 2AZ inajulikana kuwa na tabia ya kunywa oili ikizeeka, kwa hiyo stiki ya oili uizoee, angalia kila unapojaza mafuta, usisubiri taa. Oili ya CVT ni ya CVT, sio ATF ya otomatiki za kawaida, fundi akikuambia "ATF yoyote inaenda" chukua ufunguo wako. Prado 2TR ni ngumu, haina mambo mengi, inatumia cheni kama 2AZ, na fundi wake yupo hata Tarakea. Prado za dizeli zenye injini ya 1KD nazo zinavuta vizuri sana ila zina mkanda wa taimingi wa kubadilisha na nozeli zake hazitaki dizeli chafu, ukinunua iliyotumika huku nchini ujue unarithi vituo vyote vya mafuta alivyopitia mwenzio.

Kununua. Zote ni juu ya cc 2000 kwa hiyo ushuru wa bidhaa zinaangukia kundi moja la asilimia 10, wakati Noah au Voxy ya cc 1986 inaangukia asilimia 5, na gari ikipita miaka 10 inaongezwa ule wa uchakavu wa asilimia 30, ndo maana wengi wanashangaa gari imefika bandarini kwa bei rahisi afu kodi inaizidi. Kaa na kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi. Prado 150 ya 2010 na Alphard ya 2010 kwa bei haziko dunia moja, kwa hela ya hiyo Prado unachukua Alphard, unafunga matairi mapya, unalipa bima kubwa, na chenji inabaki. Lakini siku ya kuuza Prado inaondoka kwa simu mbili na bei yake haijaporomoka, Alphard utawasindikiza madalali mpaka uchoke. Ndugu zetu wa Kenya wao sheria haiwaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 kwa hiyo wanaanzia umbo jipya zaidi kwenye zote mbili, hesabu yao ni nyingine.

Heshima nayo ni sehemu ya gari, tusijifanye watakatifu. Ukifika ukumbini na Prado mlinzi anakufungulia geti na kukuonyesha pa kupaki karibu na mlango, na Alphard nilielekezwa kule nyuma zilikopaki Coaster, akaniuliza kabisa "umeleta kwaya?" Shemeji alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kama roho yako inaumia na vitu hivyo nunua Prado, sitakucheka. Ila na wezi nao wana heshima na Prado, andika namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa siku hiyo hiyo unayoitoa bandarini.

Zilizo katikati nizipitie haraka. Vanguard na Kluger za siti saba, safu ya tatu ni ya watoto na mikoba, usidanganywe. Elgrand ni tamu ndani ila spea utazunguka. Noah na Voxy ni chaguo la akili kama hamzidi sita na hela ni ya mawazo. Land Cruiser V8, kama unauliza ulaji wake wa mafuta, sio yako.

Shemeji alivyofika Dar aliniambia siti za Alphard zimemlaza mke wake kuanzia Mwanga mpaka Kibaha, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu waoane, ila Prado yake hauzi. Mimi nabaki na boksi langu, na Krismasi ijayo tumeshakubaliana mama anakaa kwenye Alphard mpaka kwa jirani pale chini, kuanzia hapo ni Prado.

Ukienda kukagua hizo gari nenda na familia nzima, sio fundi peke yake. Wapandishe wote, mzee akae atakapokaa, kijana mrefu kuliko wote aende nyuma kabisa, funga milango, washa AC ya nyuma (Prado sio zote zinayo, hilo uliza kabisa) na mzungushe hata nusu saa kwenye barabara yenye matuta. Mikanda ya safu ya tatu ivute yote mpaka mwisho uione inarudi, maana huwa haitumiwi Japani na nyingi zimekwama. Na yule dada wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha gari usimwogope, anakuambia hujaweka kadi ya kulipia barabara zao kule kwao.